Je, Lettow-Vorbeck alikuwa jemadari hodari, na ushahidi wetu ni wa nani?

Mwana wa Tanga: Novemba 1914, hapa Tanga, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa na watu wapatao 1,000 aliwarudisha melini askari takriban 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India, na akaendelea kupigana hadi Novemba 25, 1918, aliposalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Swali langu ni kwamba sifa zake nyingi tumezipata katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe na kuzichapisha mwaka 1920. Je, zinatosha kumpima? Ninachokubali bila ubishi ni kwamba askari wake Waafrika walimpenda.

Mjukuu wa Mpagazi: Ndugu yangu, hilo la kupendwa limenichoma. Kwetu Ugogo, bibi alisimulia jinsi Wajerumani walivyokomba mtama katika kihenge, kisha wakaja Waingereza wakachukua kilichosalia, hata mbegu, ndipo ikaingia njaa tuliyoiita Mtunya. Kumbukumbu za jemadari hazikumuuliza bibi lolote.

Afande Mstaafu: Pole kwa yaliyowapata wazee wako, lakini usichanganye askari na mpagazi. Askari alikuwa na mshahara, cheo na heshima yake. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo yao, inasimuliwa kwamba wazee wasiokuwa na hati za kuthibitisha utumishi wao walipewa ufagio mkononi, wakaamrishwa gwaride kwa Kijerumani kama wenye bunduki, na hakuna aliyekosea. Utii wa namna hiyo hauletwi na kiboko.

Msomaji wa Nyaraka: Afande, kwa heshima zote, ufagio ule unathibitisha kwamba walifundishwa gwaride wakalishika, wala hauthibitishi mapenzi, na wazee wale walikuwa wamefuata ujira waliokuwa wakiudai tangu vita viishe. Askari wengi pia walitoroka. Ukitaka shahidi wa upande wake mwenyewe, Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilo, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa.

Afande Mstaafu: Nimetumikia jeshi miaka mingi, na sipendi askari waliokufa vitani watajwe kwa habari za utoro. Wako waliotembea naye mpaka Msumbiji na kurudi, miguu imevimba, huku wangeweza kujisalimisha siku yoyote. Na kuhusu uongozi, tazameni vita vya Jasini, pwani karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915: alishinda, lakini alipoona ametumia risasi 200,000 na kupoteza maofisa asioweza kuwapata tena, aliacha mapigano ya aina hiyo, akachagua kuvizia na kuhama. Kamanda anayejifunza kutokana na ushindi wake mwenyewe ni nadra.

Mjukuu wa Mpagazi: Afande, sikatai kwamba alijua kuhesabu. Lakini jeshi linalohama bila bohari linakula kwa wanakijiji, na mizigo yake inabebwa vichwani na watu waliokamatwa mashambani mwao. Kwa upande wa Waingereza, wapagazi zaidi ya 90,000 wameandikwa kuwa walifariki, na jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Wewe umetutajia risasi za Jasini kwa idadi. Naomba unitajie, kwa daftari lolote la Wajerumani, ni wapagazi wangapi waliofia njiani.