Naomba ushauri: watoto wa maandalizi wanakariri tu

Assalam aleikum jamani, mie nafundisha skuli ya maandalizi (chekechea) hapa Wete, Pemba, watoto 43 wa miaka 4 na 5 na niko peke yangu. Wakiimba moja mpaka ishirini utasema washajua, kumbe ukimwambia mtu nipe komwe (zile mbegu za kuchezea bao) saba anakuchotea konzi nzima. Sasa nimewaachia komwe na vifuu wapange mafungu, wenyewe wakageuza diko wananadi samaki, wanahesabiana na kugombana chenji, raha tupu (choroko nshaziacha, mmoja kaitia puani, mtihani huo). Lakini wazee wao wanalalamika madaftari matupu, eti skuli wanakwenda kucheza. Nyie wenzangu makundi mnayagawaje ukiwa mmoja, na hawa wazee mnawaambiaje wakafahamu?