Mama ana baridi yabisi na ameandikiwa dawa ya kupunguza lehemu: je, itamwongezea uhai?

Mwana wa Pili

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61 na kwa miaka 14 ameishi na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huo, mara moja kwa wiki. Miezi miwili iliyopita daktari alimwongezea atovastatini, dawa ya kupunguza lehemu, ya miligramu 20 kila jioni, ingawa vipimo vilionyesha kuwa lehemu yake ni ya wastani na hajawahi kuugua moyo. Mama anasema haoni sababu ya kumeza dawa ya ugonjwa asio nao, na juzi nilipofungua droo yake nilikuta vidonge 11 ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha. Analalamika pia kwamba mapaja yanamuuma. Naomba kujua kama kweli dawa hizi huwasaidia wagonjwa wa aina yake kuishi zaidi, au tunamtwisha mzigo bure.

Mfamasia Mstaafu

Pole kwa kuuguza, mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu. Swali lake ni la haki, lakini hicho kipimo cha lehemu kisimtulize haraka. Ugonjwa huu unapopamba moto, uvimbe wa ndani hushusha lehemu katika damu huku ukiendelea kuharibu kuta za mishipa, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wanaopewa tosilizumabu, dawa ya kutuliza uvimbe huo, huona lehemu ikipanda wakati viungo vinapata nafuu. Kwa hiyo namba ya wastani kwa mtu mwenye baridi yabisi haina maana ileile iliyo nayo kwa jirani yake mzima. Vifo vya moyo na mishipa kwa wagonjwa hawa ni takriban mara moja na nusu ya vile vya watu wengine, na mapendekezo ya EULAR, chama cha Ulaya cha wataalamu wa magonjwa haya, yanataka hatari ya kuugua moyo iliyokokotolewa izidishwe kwa 1.5 iwapo kikokotoo hakikuuhesabu ugonjwa wenyewe. Yamkini daktari alipiga hesabu ya namna hiyo, akijumlisha umri, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara kama upo. Muulizeni awaonyeshe.

Msomaji wa Tafiti

Naomba niongeze upande wa ushahidi, kwa kuwa umeuliza habari ya uhai wenyewe. Jaribio kubwa zaidi ni TRACE RA la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, ambapo wagonjwa wapatao 3,000 wa baridi yabisi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa atovastatini ya miligramu 40 na wengine kidonge kisicho na dawa. Lilisimamishwa mapema kwa sababu matukio ya moyo na kiharusi yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa: 24 kwa waliotumia dawa, 36 kwa wasiotumia. Huo ni upungufu wa theluthi moja, lakini kwa idadi ndogo namna hiyo bahati haiwezi kuondolewa katika hesabu. Madhara hayakutofautiana baina ya makundi hayo mawili. Kuhusu vifo vya sababu zote, uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2016 ulikuta vifo pungufu kwa asilimia 21 kwa walioanza statini, yaani kundi la dawa ambalo atovastatini imo, ila huo ulikuwa ufuatiliaji tu, na wanaokubali kuanza dawa huenda wanajitunza zaidi hata bila dawa hiyo. Kwa maoni yangu, faida ipo na inaelekea kuwa ya kweli, lakini ukubwa wake hutegemea hatari ya mgonjwa mwenyewe. Asiambiwe kwamba dawa hii ni kinga ya kifo.

Mama Stahamala

Mimi nina ugonjwa huohuo na natumia statini mwaka wa sita sasa. Maumivu yanayoletwa na dawa hizi hukaa kwenye nyama zenyewe, mara nyingi mapaja au mabega ya pande zote mbili, wakati baridi yabisi hukamata maungio na kukakamaza vidole asubuhi. Mpelekeni apimwe kimeng'enya cha CK, ambacho hupanda kwenye damu misuli inapoumia, kisha daktari aamue kupunguza dozi au kubadilisha aina, asiache kimyakimya. Akiona mkojo mweusi au misuli ikilegea, hiyo ni dharura. Ini lake halina budi kufuatiliwa kwa sababu ya methotreksati, basi kipimo hichohicho kitatumika kwa dawa zote mbili. Ila nina swali moja: je, umewahi kumtazama akitoa kidonge kwenye pakiti?

Mwana wa Pili

Nawashukuru nyote, na wewe mama shikamoo. Jana jioni nilikaa naye. Methotreksati yake iko ndani ya kichupa ambacho humwachia kikiwa kimelegezwa kifuniko, lakini atovastatini imefungwa kwa karatasi ngumu ya bati, na kidole gumba chake hakina tena nguvu ya kuisukuma. Alijaribu mara tatu, kisha akairudisha pakiti droo bila kuniangalia. Nimemwomba mfamasia anipe kikasha chenye vyumba vya siku za wiki na kuniambia kama vidonge hivi vinaweza kukaa nje ya pakiti yake, na Jumatatu tunakwenda kliniki kupima CK na kumwomba daktari atuonyeshe hesabu ya hatari.

Mama Stahamala

Marahaba, mwanangu. Mwambie pia daktari kwamba siku hizo 11 hakumeza, asije akadhani dozi ya sasa haifanyi kazi na kumwongezea.