Naomba ushauri: Mama anachoka sana Krismasi tukirudi nyumbani Marangu

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Kwetu ni Marangu, tumezaliwa sita. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo kwa mila zetu nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la migomba la familia, ni jukumu langu, ingawa nafanya kazi Dar. Kila Desemba tunapanda wote na familia zetu. Baba alishatangulia. Mama amevuka miaka sabini na goti linamsumbua.

Sisi tukifika tunapumzika, yeye ndiyo kazi inaanza. Siku nyingi kabla hatujafika ameshavundika ndizi za mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na kuandaa kimea cha ulezi, na bado anakata majani ya mbuzi. Siku ya Krismasi anaamka usiku kuweka machalari (ndizi na nyama) jikoni ili awahi ibada. Mwaka jana nilimtafuta tupige picha na wajukuu, nikamkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria peke yake. Iliniuma sana.

Mke wangu alipendekeza tukodi wapishi kutoka Moshi mjini. Mama alinuna: "Watoto wangu wanakuja kwangu, wapishi wa nini?"

Jambo la pili, kaka yangu mmoja mambo yamemwendea vibaya, siku hizi haji. Hasemi sababu, lakini najua ni nauli na mchango wa mbuzi. Nifanyeje mama apumzike bila kujiona ameondolewa kwenye nafasi yake, na kaka naye arudi?

Mrombo wa Mkuu
Kaka, anza na mbege, maana ndiyo inayommaliza. Ndizi zichemshwe, zikae siku kadhaa zichachuke, kisha ulezi usagwe, upikwe uji, uchanganywe, na msesewa, yaani gome la mti, upatikane wa kutia uchungu. Hiyo si kazi ya mtu mwenye goti bovu. Kwetu tunaagiza kwa mama jirani anayepika mbege ya kuuza. Ila kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea, anaonja bibi. Akisema bado, inasubiri. Hakuna anayemwaga kata mpaka yeye aseme ndiyo.

Abiria wa Mbezi Luis
Mimi nitasema tofauti. Mleteni Dar. Desemba tiketi za Moshi pale stendi zinagombaniwa, na barabara ya Segera hadi Same mwezi huo magari yanafukuzana. Watu thelathini kusafiri ili mtu mmoja asichoke, naona hesabu haikai sawa.

Mama wa Kibosho
Mwanangu Abiria, kaburi la mumewe liko kihambani. Huyo mama Krismasi atakaa kwenye sebule ya Dar anamwangalia nani?

Wewe mwenye uzi, nisikilize, mimi nina umri wa mama yako. Mkinitoa jikoni mnaniambia nimeisha. Msinitoe. Niwekeeni kiti palepale jikoni, mniache niwatume. "Wewe menya ndizi za mchare, wewe koleza moto, chumvi hiyo haitoshi." Hapo nitashinda nimekaa na bado nyumba ni yangu. Na msiniulize kama nimechoka, nitakataa. Mwenye kusugua sufuria asugue kabla sijaiona. Na kuni na maji viwe vimejaa tangu tarehe 23, hiyo ni kazi ya wajukuu wa kiume, nao wana mikono.

Shemeji Msukuma
Marahaba kwa niaba ya wakwe, mama amesema kweli. Naongeza la upande wetu sisi wanawake tulioolewa kutoka kwingine. Mwaka wa kwanza ukweni Machame nilikaa sebuleni si kwa uvivu, sikujua hata magadi ya kiburu, zile ndizi za maharage, yanawekwa kiasi gani, nikaogopa kuharibu. Mama mkwe akaona bora afanye mwenyewe. Siku hizi mimi na wifi tunatangulia siku tatu kabla ya wengine, anatufundisha bila watu wengi. Na nyinyi wanaume, mkishachinja mbuzi msihamie kwenye mbege. Utumbo nao unaoshwa, na kisusio, ile supu ya mbuzi yenye damu, hakijipiki.

Mpare Mwenzenu
Kuhusu kaka: futeni mchango wa Desemba. Wekeni kidogo kidogo kila mwezi kuanzia Januari, kila mtu kwa uwezo wake, na daftari la nani katoa ngapi lisisomwe mbele za watu. Huko ndiko watu wanakoaibishwa. Nauli mtumieni mapema, au apande treni ya Moshi iliyorudishwa Desemba 2019, inachukua muda ila unafuu upo. Na asiitwe na wewe mdogo wake. Aitwe na mama, na amwambie kuna kazi inamsubiri. Mtu aliyeishiwa hapendi kuitwa kula tu.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana, na mama wa Kibosho shikamoo mara mbili, maneno yako nimemsomea mke wangu akalia.

Nimezungumza na dada mkubwa. Yeye na mke wangu watapanda tarehe 21. Abiria, nimekuelewa kuhusu barabara, sisi wa Dar tutaondoka mapema kabla ya msongamano, ila mama habanduki Marangu. Michango tunaanza Januari, ya mwaka huu tutaibeba sisi watatu wenye kazi, na hakuna atakayesomewa jina.

Kaka tumempa mbuzi. Tangu enzi za baba yeye ndiye fundi wa kuchoma ndafu, yaani mbuzi mzima, na tangu aache kuja tumekuwa tukiunguza. Mama amempigia leo asubuhi, amemwambia aje tarehe 24 na kisu chake. Amesema atakuja.

Mrombo, nakutafuta faragha unielekeze kwa huyo mama wa mbege. Kutoka Mkuu hadi kwetu si mbali, nitatuma kijana wa pikapu.