Shemeji anataka kumpa kaka Flagyl "iue bakteria wa saratani". Naombeni ushauri

Mlinda_Mashua: Wakuu habari zenu. Kaka yetu mkubwa, miaka 47, amekutwa na saratani ya utumbo mpana. Ameshapasuliwa, tunasubiri tarehe ya kuanza dripu za dawa ya saratani hospitali ya Ocean Road. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa ni "amiba" na "bawasiri" tu. Damu ikitoka chooni anakwenda zahanati ya mtaani, anapewa Flagyl, anatulia wiki mbili, inarudi.

Sasa shemeji ameona video inasema saratani hii inalishwa na bakteria. Juzi karudi na Flagyl pamoja na kopo la unga wa kusafisha utumbo, shilingi 85,000. Anataka aanze leo. Mimi ndiye nampeleka kliniki, ila ni mume wake, siwezi kumfokea. Kuna ukweli wowote?

Mbaazi_za_Nazi: Pole sana mkuu. Video za mtandaoni zitatumaliza. Asimeze chochote.

Mizizi_Tu: Njoo inbox, nina dawa ya siku 21, inatoa uchafu wote.

Mbaazi_za_Nazi: Hata pole hujasema, umeshatoa bei.

Mtu_wa_Maabara: Mlinda_Mashua pole. Tusimcheke shemeji, video hiyo haikutunga yote. Mwaka 2012 timu mbili, moja ya Kanada na nyingine ya Marekani, zilikuta ndani ya saratani ya utumbo bakteria aitwaye Fusobacterium nucleatum. Makazi yake ya kawaida ni mdomoni, kwenye fizi. Akifika kwenye saratani anajishikiza kwenye seli zake na kuzichochea zigawanyike, na pia anawazuia askari wa mwili wasishambulie. Kuna pia aina fulani za E. coli zinazotoa sumu ya kolibaktini, inayoharibu vinasaba vya seli za utumbo.

Halafu kuna inflamesheni. Naogopa kusema "uvimbe" maana mtadhani nasema saratani yenyewe. Angalia kidonda kinavyokuwa chekundu, cha moto, kimetuna. Hali hiyo ikikaa miaka ndani ya utumbo, seli zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na kila zinapojinakili kuna nafasi ya kukosea. Ndiyo maana wenye vidonda sugu vya utumbo mpana huanza kuchunguzwa kwa kamera takribani miaka 8 tangu dalili zianze.

Tuje kwenye Flagyl. Mwaka 2017 watafiti waliwapandikiza panya vipande vya saratani ya binadamu vyenye bakteria huyo, wakawapa metronidazole, ambayo ndiyo Flagyl yenyewe. Saratani ilikua polepole zaidi. Haikuisha, na hao ni panya. Kwa kaka yako kuna hatari tatu. Kwanza, inaua pia bakteria wazuri wanaotengeneza butireti, chakula cha ukuta wa utumbo. Pili, dripu ikiwa na fluorourasili, moja ya dawa za saratani, Flagyl inaichelewesha kutoka mwilini, kwa hiyo sumu yake inazidi. Tatu, ikitumika muda mrefu inaumiza mishipa ya fahamu, na oksaliplatini, dawa nyingine ya dripu hizo, nayo inafanya hivyohivyo, atakufa ganzi vidole.

Na mwambie shemeji kwa upole: kaka ameshakula Flagyl miaka miwili. Ingekuwa inatibu, tusingekuwa hapa.

Mlinda_Mashua: Hiyo ya mwisho imeniingia. Na ule unga?

Mtu_wa_Maabara: Chukua kopo lenyewe, mpelekee daktari wake. Kama una bakteria hai ndani, dripu ikishusha chembe nyeupe wanaweza kuingia kwenye damu.

Bi_Mwanahawa: Mwanangu, na chakula? Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa nyama choma kila Ijumaa.

Mtu_wa_Maabara: Shikamoo mama. Kuna utafiti wa 2015 naupenda. Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula wiki mbili tu. Wamarekani wakapewa nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo: inflamesheni ikapungua, butireti ikapanda. Wa vijijini wakapewa nyama na mafuta, mambo yakageuka. Daktari Denis Burkitt alikuwa ameshaliona jambo la nyuzinyuzi baada ya miaka yake ya kazi Uganda. Soseji nazo si za kuchezea: gramu 50 za nyama ya kiwandani kila siku zinaongeza hatari kwa 18%. Ila mama, haya ni ya sisi wazima. Aliyetoka kukatwa utumbo asirundikiwe maharage leo, amsikilize mtaalamu wa lishe wa wodi.

Dada_wa_Zamu: Mbona hakuna aliyemuuliza mwenye uzi ana miaka mingapi?

Mlinda_Mashua: 36. Kwa nini?

Dada_wa_Zamu: Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa anatakiwa kupimwa kwa kamera akifika 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mgonjwa, ipi inatangulia. 47 toa 10 ni 37. Mwakani ni zamu yako. Kama kuna mwenye dalili, huyo hasubiri umri.

Mlinda_Mashua: Duh. Kuna mdogo wetu yuko Geita, 31, analalamika bawasiri tangu Ramadhani.

Dada_wa_Zamu: Mpigie sasa hivi.

Mlinda_Mashua: Nimempigia. Anasema anaendelea vizuri, kapewa Flagyl.

Dada_wa_Zamu: Mtumie nauli.