Shokapu nyepesi ya mbele kwa njia za Dodoma: ya upepo, mtumba wa bei mbaya, au foku ngumu?

Chimwaga29
Wakuu, heshima mbele. Nina baiskeli ya mtumba, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, diski mbele na nyuma. Shokapu yake ni Suntour XCM ya springi ya chuma. Nimeifungua, nikaenda nayo kwa muuza mchele sokoni Majengo, mizani ikasoma kilo 2.7 na ushee. Watu walicheka sana.

Jioni napanda kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Jumamosi tunatoka kikundi Ihumwa kwenda Hombolo, vumbi na mawe kama mnavyopajua. Mimi ni wa kilo 62. Kwa uzito huu springi haibonyei kabisa kwenye matuta madogo, nikigonga jiwe ndiyo inashtuka.

Bajeti ni laki sita, nikijibana sana laki nane. Ninazoziangalia: Suntour XCR ya upepo, RockShox Judy, Manitou Markhor, au mtumba wa RockShox SID SL ama Fox 32 Step-Cast. Kuna jamaa ananiambia niachane na shokapu kabisa niweke foku ngumu, ile isiyobonyea. Mnasemaje? Nia yangu ni kupunguza gramu.

FundiGololi
Kijana, kabla hujataja jina la shokapu hata moja, chukua kipimo cha chuma. Pima tundu la fremu ambamo bomba la shokapu linapita, juu na chini, ukishatoa vikombe vya gololi. Halafu pima bomba la shokapu yako pale chini linapokaa gololi, na uangalie ekseli ya mbele ni ya aina gani. Shokapu nyepesi za siku hizi karibu zote zina bomba lililopanuka chini, pale panapokaa gololi ni milimita 39.8. Za zamani zimenyooka, pale chini ni milimita 30. Fremu yenye tundu la milimita 34 haipokei bomba lililopanuka, hata ubembeleze vipi.

Chimwaga29
Shikamoo fundi. Nimepima: tundu ni 44 juu na 44 chini, bomba la shokapu ya sasa limenyooka. Ekseli ni ile nyembamba ya milimita 9, ya kufungua kwa mkono bila spana.

FundiGololi
Marahaba. Basi una bahati. Tundu la 44 linakubali zote mbili. Ukipata shokapu ya bomba lililopanuka, unabadilisha kikombe cha chini tu, unaweka kile kinachokaa nje ya fremu. Kikombe hicho kitakuinua mbele kidogo, si tatizo. Ekseli ndiyo itakayokuumiza kichwa.

MbioZaMkonze
Mkuu, usipoteze muda na vitu vya katikati. SID SL Ultimate ile iliyotoka 2020 inatajwa gramu 1,326. Yaani unakata XCM yako nusu! Fox 32 Step-Cast iko hapo hapo jirani. Na si uzito tu, dampa yake (kile cha oili kinachotuliza shokapu isirukeruke) ni kitu kingine. Ukishuka na mawe kule mbele ya Ihumwa gurudumu linabaki chini, halirukiruki. Mtumba safi kutoka Ulaya ukiuvizia unaupata. Mimi ninayo Step-Cast, sirudi nyuma.

DadaPedeli
Kaka Mkonze, nakuheshimu, ila mwenzio ana laki nane na ekseli ya milimita 9. SID SL ni ya ekseli nene ya 15 kwa 110 peke yake, yaani unene milimita 15, upana wa habu (kitovu cha gurudumu) milimita 110. Maana yake habu mpya ya mbele, spoku mpya na fundi wa kusuka rimu, hapo shokapu yenyewe bado hujaileta. Step-Cast zipo za 15 kwa 100 pia, lakini habu ya milimita 9 kugeuzwa kuwa 15 ni habu chache mno zinazokubali, na za kwenye baiskeli za mtumba za bei ya kawaida kwa kawaida hazikubali.

Halafu tuongee vumbi. Kitabu cha RockShox kinataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila saa 50 za kuendesha. Fox wao wanasema saa 125 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Hizo saa kwa hapa kwetu kuanzia Julai mpaka mvua za Desemba, na upepo ule, mimi nazihesabu pungufu. Na ukishafungua unahitaji sili za saizi yake na vile vipete vya sponji vinavyokaa chini ya sili kushika oili. Hapa mjini havipo, unaagiza, unasubiri. Wewe Mkonze una akiba ya sili kabatini, sema ukweli.

MbioZaMkonze
Ninazo seti mbili, ndiyo. Lakini kitu kizuri ndiyo gharama yake hiyo, dada.

MtembeziWaBahi
Mimi ndiye ninayemwambia aweke foku ngumu. Ya chuma ni kama kilo moja na kidogo, ya kaboni haifiki hata kilo. Haina sili, haina oili, haina upepo wa kuvuja. Njia zetu nyingi ni mchanga na vumbi, si milima ya Uswisi. Weka tairi pana, punguza upepo kidogo, tairi yenyewe ndiyo shokapu. Naenda Bahi na kurudi, sina shida na mtu.

Angalizo moja tu: usinunue foku fupi. Pima kutoka katikati ya ekseli mpaka juu kwenye taji, pale miguu miwili inapoungana na gololi inapokalia, baiskeli ikiwa imesimama na wewe umekaa juu. Tafuta foku yenye urefu unaokaribia huo. Ikiwa fupi sana, usukani unashuka, baiskeli inakuwa kali mbele, kona za mchanga zinakutupa.

DadaPedeli
Barabara ya Bahi ni lami, babu!

MtembeziWaBahi
Sipiti lami mjukuu wangu, napita njia za ng'ombe.

Ihumwa_Alfajiri
Foku ngumu kwa UDOM na mjini naunga mkono asilimia mia. Kwa Hombolo hapana. Pale kuna makorongo makavu yenye mawe ya saizi ya ngumi yaliyofichwa na mchanga, huyaoni mpaka umeyapanda. Kwa mtu wa kilo 62 mikono itakufa ganzi kabla hujaliona bwawa.

Ila nataka kusogeza mjadala kidogo. Chimwaga, unasema nia ni gramu, mbona unaangalia mahali pamoja? Tairi zenye waya pembeni za inchi 29 hupita gramu 800 kila moja kirahisi. Tairi za kukunjika za njia kavu zipo za 650 mpaka 700. Hiyo ni karibu robo kilo kwa tairi mbili, na ni uzito unaozunguka, unausikia kila ukiamka kwenye pedeli kupanda Chimwaga. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa bila fundi.

Tyubu nazo usirukie zile za plastiki nyepesi za gramu 50 bila kufikiri. Nyepesi kweli, tyubu ya mpira ya 29 ni kama gramu 200. Lakini mbigili za Dodoma hazisomi mizani. Tyubu ya plastiki ikitobolewa inataka kiraka chake maalumu, gundi ya kawaida haishiki. Mimi nimebaki na tyubu za mpira, vali ile ambayo moyo wake unafunguka, namimina dawa ya kuziba ndani. Natoa mbigili kwa kucha, nazungusha gurudumu, safari inaendelea. Anayetaka kuachana na tyubu kabisa aende, ajue tu kwamba kwa joto na ukavu huu dawa inakauka upesi, kila baada ya miezi miwili mitatu anaongeza.

Chimwaga29
Asante kwa shule, wakuu. Kwa hiyo SID naitoa kwenye orodha kwa sababu ya ekseli. Zilizobaki ni XCR, Judy na Markhor. Kuna tofauti ya maana au ni majina tu?

DadaPedeli
Ipo. XCR ya upepo na Judy Silver zote zinacheza kwenye kilo 2.2 na kidogo. Faida yake kubwa kwako ni upepo wenyewe: unaweka kwa uzito wako, si kwa uzito wa mtu wa kiwandani. XCR ina miguu ya milimita 32, Judy ni 30, kwa hiyo XCR haipindi sana ukifunga breki kwa nguvu. Markhor ni kama kilo 1.8, na Manitou waliitengeneza wakikumbuka fremu za zamani, kwa hiyo kuna yenye bomba lililonyooka na ekseli ya milimita 9. Hiyo inaingia kwako bila kugusa habu wala kikombe. Usishangae ukiona upinde wake, ule unaounganisha miguu ya chini, uko nyuma ya miguu, ndivyo Manitou wanavyofanya.

Piga hesabu: kutoka XCM kwenda Markhor unaacha karibu gramu 900. Kutoka Markhor kwenda SID unaacha gramu 500 nyingine, lakini hizo unazinunua mara mbili au tatu ya bei, pamoja na gurudumu. Mimi ningechukua Markhor ya milimita 100, yaani inayobonyea milimita 100, na tairi za Ihumwa_Alfajiri. Usichukue ya 120 eti kwa sababu ipo. Fremu yako imechorwa kwa 100, milimita 20 za ziada zinalaza mbele karibu digrii moja, na kupanda UDOM usukani utakuwa unatangatanga.

MbioZaMkonze
Kwa ekseli hiyo, sawa, nimekubali. Ila siku akibadilisha magurudumu arudi hapa.

FundiGololi
Kwa wengine watakaosoma uzi huu wakitaka mtumba: juzi kijana kaniletea shokapu aliyouziwa na duka moja Dar, ya jina kubwa, picha inang'aa. Bomba limekatwa fupi, halifiki hata kwenye stemu, pale usukani unapofungwa. Sasa ni pambo la ukutani. Muulize muuzaji urefu wa bomba kwa milimita, na wewe ujumlishe fremu yako, vikombe na stemu. Pitisha kucha taratibu juu ya miguu inayong'aa, hasa upande wa nyuma ambao kwenye picha hauonekani. Kucha ikikwama, sili mpya haitadumu hapo. Ukiona rangi imepauka kwa mstari mrefu, ile ngozi ngumu ya juu imeshaliwa, na hakuna fundi Dodoma wa kuirudisha. Kisha funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kimegusa pale mguu wa juu unapoingia wa chini. Ukisikia mgongano, bushi za ndani ambamo miguu inateleza zimekwisha.

Chimwaga29
Nimeamua Markhor 100, bomba lililonyooka, na tairi za kukunjika. Swali la mwisho: upepo nitajaza na pampu ya gereji?

DadaPedeli
Hapana kaka! Chumba cha upepo ni kidogo mno, kompresa ya gereji itakijaza kupita kiasi sekunde moja. Nunua pampu ya shokapu yenye geji, zinafika psi 300. Anza na kiasi kilichoandikwa kwa uzito wako, bonyeza shokapu mara kadhaa, pima tena. Funga kamba ndogo ya plastiki ya mafundi umeme kwenye mguu mmoja, isukume mpaka kwenye sili, panda na mkoba wako na maji, simama kwenye pedeli bila kurukaruka, shuka taratibu. Kamba iwe imesogea milimita 15 mpaka 20. Ikisogea zaidi ongeza upepo, ikisogea pungufu punguza. Ukichomoa pampu utasikia psss, huo ni upepo wa mpira wa pampu, usiingiwe hofu ukajaza tena.

Ukirudi Hombolo futa miguu na sili kwa kitambaa kikavu kabla hujaibonyeza. Zile mashine za kuoshea magari usizisogeze karibu, zinasukuma matope ndani ya sili.

FundiGololi
Ikifika njoo nayo na fremu, Jumamosi mchana nipo. Bomba la juu usilikate mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Tutaliweka kwanza refu na vipete juu ya stemu, uendeshe hata mwezi mzima ujue usukani unautaka wapi, ndipo nikate.