Nitawashukuruje watu wa misioni ya Sake, na vita vimewatawanya?

Mama Depo (Katindo, Goma)

Tumsifu Yezu Kristu, ndugu zangu. Nina swali, lakini lazima nieleze kwanza. Mnivumilie.

Kabla sijaolewa nilikuwa natumika kwenye misioni moja upande wa Sake. Sikuwa sista, ingawa mama yangu mkubwa alikuwa anaomba rozari kwa nia hiyo. Nilishika funguo za depo: maharagi, unga wa mihogo, mafuta, chumvi, sabuni. Kuhesabu viroba na kugombana na panya. Malipo yalikuwa chakula, kitanda, na kitu kidogo mwisho wa mwezi ambacho padri alikiita "ya sabuni", kana kwamba sabuni haikuwa tayari depo.

Ninaowatafuta si mapadri. Hao najua waliko. Ninaowatafuta ni watu niliokutana nao Mei 2021. Mnakumbuka volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22, mkesha wa Pentekoste, lava ikashuka usiku mpaka Buhene, ikakomea pale karibu na uwanja wa ndege. Tukadhani imekwisha. Lakini ardhi haikutulia, na Alhamisi tarehe 27 gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma ihame. Barabara ya Sake ikafurika. Magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, televisheni imefungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Ni kilomita kama 25, na wengi walizitembea kwa miguu. Jioni madarasa yetu yamejaa, kanisa limejaa, hata veranda ya depo yangu imejaa.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Majengo. Alifika na watoto wake na sufuria moja kubwa, zile za kupikia arusi. Alikuwa muuza mandazi, kwa hiyo alipoambiwa akimbie alibeba kazi yake. Asubuhi ya Ijumaa akaja mlangoni kwangu. Hakuomba kitu. Aliuliza, "Nani anapika hapa?" Tulikuwa na wapishi wawili waliozoea meza ya mapadri. Akakaza kikwembe, akapanga mawe uani, akaanza.

Mpaka leo namuona na ule upawa. Maharagi ya watu wengi huzama, mchuzi hubaki juu. Wa mbele hupata maji, wa nyuma hupata maharagi, na anayejuana na mpishi hupata maharagi popote alipo. Yeye kila sahani alipeleka upawa mpaka chini, akaugeuza mara moja, ndipo akauinua. Kila sahani. Mkono ukichoka, anabadilisha mkono. Sufuria ya mwisho hakuigawa. Aliifunika majani ya ndizi, akaacha makaa machache chini, akasema ni ya wale ambao bado wako njiani. Nikamwambia usiku huu nani bado anatembea? Akaniangalia tu. Saa tatu usiku wakaingia wazee wawili na mjukuu wao, wameloa mvua, miguu imevimba, wakakuta chakula cha moto.

Halafu kuna kijana wa klorini. Wote tuliogopa kolera. Yeye alikaa mahali pa kuteka maji tangu alfajiri, ameshika bomba la sindano lisilo na ncha, anatia dawa ndani ya kila bidon. Wamama wakilalamika kwamba inaharibu chai, anajibu, "Itanuka, mama, lakini utakuwepo wa kuinywa." Na mzee zamu wetu, mlinzi wa geti, aliyempa mwanamke mwenye mimba kibanda chake, yeye akalala nje na tochi, kisha akamkataza padri asimtaje kwenye mahubiri.

Mwanzo wa Juni serikali ikaruhusu watu kurudi, wakaondoka haraka kama walivyokuja. Hakukuwa na umeme wa kuchajia simu, nani angebadilishana namba? Baadaye misioni ikatuma ripoti Ulaya, ikawashukuru wafadhili. Sawa, unga ulikuwa wao. Lakini unga haujipiki.

Kisha vita. Mwanzo wa 2024 Sake ikabaki tupu, watu wakakimbilia kambi za Bulengo na Lushagala. Baada ya Januari 2025 hata kambi hizo zikavunjwa. Sasa nitamshukuruje mtu ambaye sijui analala wapi? Na nikimpata, nimpe nini asione kama namlipa?

Katekista wa Ndosho

Milele na milele, binti yangu. Usikate tamaa, kanisa lina madaftari. Mkristu akihamia mahali, atajiandikisha kwenye shirika la pale, ile jumuiya ndogo ya wakristu wa mtaa, maana bila shirika mtoto wake hapati ubatizo wala komunio. Na kijana akitaka kufunga ndoa ataombwa cheti cha ubatizo, itabidi arudi parokia alikobatizwa, au amtume mtu. Kwa hiyo anza na viongozi wa mashirika.

Mimi nilifanya hivyo baada ya mlipuko wa 2002. Lava ilipoiangusha katedrali ya Mtakatifu Yosefu, familia moja ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, ilitulaza sebuleni bila kutuuliza tutaondoka lini. Niliwapata tena kupitia parokia yao, ingawa ilichukua muda. Mwanamume alikuwa ameshafariki. Nilimshukuru mjane wake, nikaomba misa kwa ajili ya mumewe, na jina lake likasomwa. Alifurahi kuliko ningemletea gunia.

Mwana Birere

Dada, samahani, nitasema kinyume. Huyo mama labda hakukumbuki kabisa. Kupikiana wakati wa kukimbia ni kawaida yetu, sote tumepika na tumepikiwa. Halafu fikiria hali ya mji sasa. Mtu akisikia anatafutwa kwa jina lake, hafurahi kwanza, anaogopa kwanza. Anajiuliza ni nani, ametumwa na nani. Ukitangaza jina la mama wa watu na mahali alipoishi, unaweza kumhamisha tena. Omba kwa ajili yake, basi.

Mama Depo

Katekista, asante baba. Shida moja: mama yule si mkatoliki. Ni wa CBCA, kanisa la Wabaptisti. Pale jikoni alikuwa anaimba nyimbo zao, na siku ya tatu nilishamkuta mmoja wa masista wetu anamwitikia sauti ya pili. Kwa hiyo madaftari yako yatanisaidia kwa kijana wa klorini tu, huyo alikuwa anatumikia altareni.

Mwana Birere, umenigusa kuhusu kuogopa. Sikulifikiria hilo. Lakini kusema ni kawaida yetu ndiyo maana tusiseme asante, hapo hapana. Mama mkwe wangu hupika kila siku, jaribu uondoke mezani kwake bila neno uone.

Yaya wa Kwaya (Majengo)

Mama Depo, sisi wa CBCA tupo, usilie. Kila parokia yetu ina kundi la wamama, na habari ya wamama inafika kabla ya gari. Mwana Birere ana haki kuhusu jina. Basi usitaje jina, taja sufuria. "Mama wa mandazi aliyefika Sake na sufuria ya arusi mwaka wa lava, kuna dada anamsalimia." Hayo tu. Mwenyewe atajijua. Akipenda atajibu, asipopenda atanyamaza, na hakuna aliyemwonyesha kidole. Nitalisema kwenye mazoezi ya Alhamisi, tuko wamama wa mitaa mingi.

Kuhusu zawadi: pesa hapana, angalau si mkononi mbele ya watu, utamgeuza kibarua. Mnunulie kikwembe, kizima, si kipande. Ongeza sabuni na sukari, ndivyo tunavyoingia kwa mtu. Kisha kaa. Ukipewa bugali, kula umalize. Anayeacha zawadi mlangoni akisema ana haraka, huyo ndiye aliyelipa deni akaondoka. Tena picha za kuweka kwenye simu, usithubutu.

Mwana Birere

Hilo la sufuria nimelikubali. Ni la akili.

Dereva wa Minova

Mimi nahusu mzee zamu tu. Napita Sake karibu kila siku na abiria wa Minova. Je, ni yule mrefu, anavaa koti la mvua la kijani hata kama jua linawaka, na anasalimia kila gari kwa tochi mchana? Kama ndiye, yuko hai. Vita vilipofika alikaa pale pale getini mpaka siku ya mwisho, akifunga na kufungua kama kawaida, mapadri ndio waliomlazimisha apande gari. Yuko kwa binti yake, huku kwetu Minova. Macho yamepungua. Anakaa nje na redio yake, nikipita napiga honi, anajua ni mimi.

Mama Depo

Koti la kijani! Ndiye, ndiye kabisa. Nimemwita mume wangu aje asome.

Yaya wa Kwaya, Alhamisi nakuja mwenyewe kwenye mazoezi, nitakaa nyuma. Ukiulizwa, sema mimi ndiye yule wa funguo, aliniita hivyo, "wa funguo". Kikwembe nitakinunua kesho soko la Virunga, nikae nacho tayari. Asipopatikana mwaka huu hakiozi.

Katekista, kijana wa klorini wakati ule alikuwa kama wa miaka 16 au 17, mwembamba, anacheka sana, jino moja la mbele limevunjika kidogo. Jina lake nitakuletea mwenyewe baada ya misa ya pili, sitaliandika hapa.

Katekista wa Ndosho

Njoo, binti yangu. Nitakuwa karibu na mlango wa sakristia. Ila si misa ya pili, hiyo ni ya watoto, hatutasikilizana. Njoo ya kwanza.

Mama Depo

Sawa baba. Dereva, gari la Minova linatoka saa ngapi, na nafasi moja ni franka ngapi? Na mzee nimletee nini? Zamani alipenda chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama.

Dereva wa Minova

Bei tutaongea, wewe si abiria wa kawaida. Uwe Mugunga saa kumi na mbili asubuhi, likijaa naondoka, sisubiri hata askofu. Sukari acha, daktari amemkataza na binti yake ni mkali. Mletee betri za redio, zile nene, na ununue nyingi.