Nimelipia enameli, nimepakiwa rangi ya bampa kwenye jiko la kempa. Eti gesi yangu ni kali!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na hasira, na wa "mwachie Mungu" apite tu.

Nina Land Cruiser niliyoigeuza kempa, yaani gari la kulala na kupikia humohumo, naikodisha kwa wageni wanaojiendesha wenyewe: Tarangire, Serengeti, Natron huko. Nyuma kuna jiko la gesi la plate mbili limefungwa juu ya kabati. Linawaka vizuri, ila uso wake ulikuwa umechoka. Enameli imebanduka kuzunguka plate, kutu inakula bati. Mgeni akiona kutu jikoni anaanza kukuuliza mpaka habari za breki. Nikalipeleka gereji moja hapa Arusha inayojitangaza kutengeneza magari ya kambi. Nikauliza waziwazi: mnaweza kurudisha enameli, au mnikatie bati jipya la stenlesi? "Bosi, hiyo ndogo sana, tunakupigia enameli ya kiwandani." Laki na themanini nikatoa. Risiti ninayo, imeandikwa "enameli".

Enameli gani jamani? Enameli ya jiko ni kioo. Unga wake unapakwa kwenye chuma, kisha unachomwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi mpaka unayeyuka na kushikana na bati. Gereji ile haina hata oveni ya kuchomea mkate! Walichofanya ni kupitisha msasa juujuu, praima, rangi nyeusi ya kupulizia bampa, wakamalizia na klia. Kweli lilimeremeta, hilo siwanyimi.

Wageni wakaondoka nalo hadi Seronera. Wamerudi na picha. Mama wa watu kabandika birika, kuliinua tu, rangi imeng'oka duara zima na kuganda kwenye kitako cha birika, harufu yake kama tairi linaloungua. Pembeni rangi imevimba malengelenge. Ikabidi wafungue milango yote usiku moshi utoke, na kambi za kule hazina uzio, fisi wanapita kati ya mahema. Hela yao nimewarudishia, ningesema nini?

Lakini kinachonichemsha zaidi ni hiki: walipuliza bila kung'oa plate. Rangi imeziba vitundu vya plate moja, sasa moto unatoka wa njano na masufuria yanajaa masizi. Moto wa njano maana yake gesi haiungui sawasawa, na hapo ndipo inapotoka kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala humohumo ndani, madirisha yamefungwa kwa ile baridi ya Ngorongoro. Hapo tumeshatoka kwenye mambo ya urembo.

Narudi gereji naambiwa "gesi yako ni kali". Gesi kali ndiyo nini? Mtungi ni uleule, regyuleta ileile. Mwingine anadakia kwamba wazungu wanapika muda mrefu mno. Ndugu yangu, hilo ni jiko! Halafu wakanipa ofa: wapulize upya kwa nusu bei, safari hii "tunaweka ile ya silensa".

Kumbe mnaijua! Rangi ya kuhimili joto ipo, makopo yake yanaandikwa nyuzi 600 na kuendelea, mkaniwekea ya bampa kwa bei ya enameli. Na hata hiyo ya silensa inataka kupashwa moto polepole ndipo ikomae, na mahali sufuria inaposuguana na bati kila siku haitakaa. Nimekataa. Nimedai hela yangu yote, tangu hapo meneja "yupo safari".

Ninachotaka sasa ni bati la stenlesi la milimita moja, kingo zikunjwe, matundu yakatwe kwa kipimo cha plate zangu. Kuna mjanja kashaniambia nitumie bati la paa. Lile limepakwa zinki, silisogezi karibu na moto wa chakula.

Anayemjua fundi wa stenlesi, wale wanaounda masinki na meza za jikoni za mahoteli, Arusha au Moshi, aje PM. Na wanasheria mliomo humu: risiti inasema enameli, kilichopakwa ni rangi ya gari. Niende Tume ya Ushindani, FCC, au nianzie polisi?